Sola: Pima paneli kwa jua la Julai

Mwaka 1984, Shule ya Upili ya Harambee ya Karamugi, katika iliyokuwa Wilaya ya Meru, iliwekewa taa za sola na Wamarekani wawili, mwalimu Mark Hankins na mhandisi Harold Burris. Wakulima wa kahawa na majani chai walipoziona zikiwaka bila moshi wa mafuta taa, wengi walijinunulia paneli, na eneo hilo likawa miongoni mwa vitovu vya kwanza vya biashara ya sola nchini.

Hata hivyo, mtambo unaomfurahisha mwenyewe Februari waweza kumwacha gizani Julai. Mara nyingi kosa huwa katika hesabu iliyopigwa, au ambayo haikupigwa kabisa, kabla ya kwenda dukani.

Hatua ya kwanza ni kujua matumizi. Wati za kila kifaa huzidishwa kwa saa kinazotumika kwa siku, na jibu ni wati-saa. Tuseme nyumba ina taa 4 za LED za wati 5 kila moja, zinazowashwa kwa saa 4: hizo ni wati-saa 80. Televisheni ya wati 30 kwa saa 4 ni 120, redio ya wati 5 kwa saa 4 ni 20, na kuchaji simu mbili ni 20. Jumla ni 240. Huongezwa robo kwa ajili ya umeme unaopotea katika nyaya na betri, na kufanya 300.

Hatua ya pili ni betri. Ili kustahimili siku mbili zisizo na jua, zinahitajika wati-saa 600. Betri ya risasi na asidi haifai kutumiwa kupita nusu ya uwezo wake, hivyo inahitajika ya wati-saa 1,200. Zikigawanywa kwa volti 12, ni ampia-saa 100. Betri ya lithiamu, ambayo huweza kutumiwa hadi asilimia 80, ingetosha ikiwa na takriban ampia-saa 63, ingawa bei yake ya kununulia huwa juu.

Hatua ya tatu, ambayo wengi huikosea, ni paneli. Kati ya Juni na Agosti, ukungu na mawingu hutanda katika miinuko ya mashariki ya Mlima Kenya, kuanzia Embu hadi Meru. Miezi ya kiangazi, siku huweza kutoa jua kamili la saa 5. Wakati wa baridi, saa 3 ndiyo makadirio salama. Wati-saa 300 zikigawanywa kwa 5, paneli ya wati 60 yaonekana kutosha. Zikigawanywa kwa 3, inahitajika ya wati 100.

Aliyenunua ya wati 60 atapata wati-saa 180 pekee kwa siku ya Julai, huku akitumia 300. Upungufu wa 120 hutolewa katika akiba ya betri, na kwa siku tano tu, zile 600 zinakwisha. Betri ya risasi ikikaa bila kujazwa, salfeti huganda katika bamba zake na uwezo wake hupungua daima. Kununua betri nyingine kubwa zaidi hakusaidii, kwani paneli ni ile ile.

Aidha, betri ya gari haifai kazi hii. Imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa muda mfupi ili kuwasha injini, wala si kutumika polepole usiku kucha. Kidhibiti chaji cha ampia 10 kinatosha paneli ya wati 100, nayo paneli yapasa kuinamishwa kiasi ili mvua iioshe vumbi, mbali na kivuli cha migomba na miti mingine.

Tofauti ya bei kati ya paneli hizo mbili ni ya mara moja, ilhali betri iliyokufa hununuliwa tena na tena. Rahisi inavunja upishi.