Maikrofoni Isiyosikika: Kutoka Punje za Makaa hadi Miwani ya Uhalisia Pepe

Historia ya maikrofoni huandikwa mara nyingi kama orodha ya wavumbuzi. Insha hii inaifuata kupitia hitilafu zake. Hoja yangu ni kwamba hitilafu nyingi zimehama kutoka ndani ya kifaa hadi kwenye ruhusa na mipangilio, na ustadi wa mtumiaji umelazimika kuhama nazo.

Mwaka 1878, David Edward Hughes alionyesha jijini London kwamba vipande vya kaboni vinavyogusana kwa ulegevu hugeuza mtetemo wa sauti kuwa mabadiliko ya mkondo wa umeme. Mwaka huohuo, kasisi Mwingereza Henry Hunnings alitumia punje za makaa, na mfumo huo ukatumika kwenye simu kwa miongo mingi. Tatizo lilikuwa kwamba punje zilishikamana, sauti ikafifia. Dawa ilikuwa kukigonga au kukitikisa kifaa mpaka ziachane.

Mwaka 1962, Gerhard Sessler na James West wa Bell Labs, Marekani, walitengeneza maikrofoni ya elektreti. Utando wake mwembamba wa plastiki huhifadhi chaji ya umeme, hivyo kifaa kikawa kidogo na cha bei nafuu. Ndani yake hakukuwa na punje za kutikisa.

Kifaa cha kuvaa kichwani alichobuni Ivan Sutherland mwaka 1968 kilikuwa cha kuonyesha picha. Miwani ya leo ya uhalisia pepe ina maikrofoni ndani yake, kwa sababu michezo yake mingi huchezwa kwa kushirikiana. Hapa Kanzenze, wilayani Rubavu, hucheza na wenzangu walio Goma, ng'ambo ya mpaka. Tunaelewana kwa Kiswahili, lugha iliyofanywa rasmi nchini Rwanda mwaka 2017. Asiyesikika hawezi kumwonya mwenzake, na baada ya muda mfupi haalikwi tena.

Kwa hiyo nimejiwekea utaratibu. Kwanza hutazama kama maikrofoni imezimwa kwenye miwani. Pili, kama mchezo umepewa ruhusa ya kuitumia. Tatu, kama miwani imeunganishwa na kompyuta, hukagua kompyuta imechagua maikrofoni ipi, maana mara nyingi huchagua yake yenyewe. Mwisho hujirekodi. Sauti ikiwa safi kwenye rekodi lakini wenzangu wanaisikia ikikatikakatika, kosa liko kwenye mtandao wala si kwenye maikrofoni.

Utaratibu huu una raha yake. Kila hatua hupunguza mahali pa kutafuta, na tatizo lililonichukua jioni nzima sasa hunichukua dakika chache. Sauti ikipita, ustadi mwingine nao hukua. Sisi tuliolelewa katika Kinyarwanda huchanganya r na l. Ukipiga kelele "kuria!" badala ya "kulia!" huku adui anakaribia, wenzako watakusahihisha papo hapo, na hutasahau.

Kwa kumalizia, mtumiaji wa zamani alihitaji kujua kilichomo ndani ya kifaa, na wa leo anahitaji kujua nani ameruhusu sauti yake ipite. Ndiyo maana naona historia ya vifaa isomwe pamoja na historia ya kuvitengeneza, kwa kuwa humo ndimo tunamwona mtumiaji wa kawaida akijifunza.