Swali na Lugha Yake: Usomaji wa Biblia kutoka Kasri la Mutesa hadi Nakivale

Biblia iliingia Buganda kwa Kiswahili, tena iliingia ikihojiwa. Mwaka 1875 H. M. Stanley alimwacha katika kasri la Kabaka Mutesa I kijana Dallington Muftaa, aliyesomeshwa na wamisionari wa Unguja, ili amsomee Maandiko. Alexander Mackay alipowasili mwaka 1878 alitumia sehemu zilizofasiriwa na Edward Steere, na kwa Kiswahili akajadiliana na watu wa kasri. Baada ya Padre Lourdel kufika mwaka 1879, Mutesa aliwakabili wote wawili: ikiwa kila Mzungu anakuja na dini yake, yeye atajuaje iliyo ya kweli? Wanahistoria wamezoea kuliona swali hilo kuwa hila ya siasa. Hila ilikuwamo, lakini lilikuwa pia swali la msomaji, na liliwezekana kwa sababu muulizaji na matini walikutana katika lugha moja.

Kiswahili hakikudumu katika nafasi hiyo. Biblia nzima ya Kiganda, kazi ya George Pilkington na Henry Wright Duta, ilikamilika mwaka 1896. Ya Kinyankore-Kikiga ilitoka mwaka 1964 na kuzihudumia sharika za Ruharo, Nyamitanga na viunga vyote vya Mbarara. Waumini wa mwanzo wa Buganda waliitwa abasomi, yaani wasomaji. Hadhi yao ilitokana na kitabu kilichokuwa mkononi mwao. Uamsho wa Afrika Mashariki ulichota nguvu papo hapo: mwaka 1929 Joe Church, daktari wa Gahini nchini Rwanda, na Simeoni Nsibambi walikaa Kampala wakichunguza Maandiko pamoja, na vuguvugu likaenea Kigezi na Ankole. Hata hivyo, kwa maoni yangu, Uamsho ulifungua zaidi mlango wa kuwahoji watu kuliko wa kuihoji matini. Wanafunzi 26 waliofukuzwa Mukono mwaka 1941 waliwatilia shaka walimu wao. Biblia yenyewe hawakuitilia shaka.

Makazi ya Nakivale, katika Wilaya ya Isingiro, yalifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda. Leo yana Wakongo, Warundi, Wasomali na wengine, na Kiswahili, hasa kile cha Kivu, kimerejea katika usomaji wa Biblia kusini-magharibi mwa Uganda. Pale wasikilizaji wanapotofautiana kwa lugha, mahubiri hupitia kwa mkalimani, na mahubiri hustahimili safari hiyo. Swali halistahimili. Muulizaji hulazimika kusubiri zamu, kulifupisha swali lake, kisha kulisikia likirudi limevaa maneno ya mtu mwingine, wengi hunyamaza.

Hata ndani ya Kiswahili chenyewe upo mtego. Mzaliwa wa Uvira au Fizi anayetaka kujua sababu husema “juu ya nini”, mahali ambapo Kiswahili sanifu kina “kwa nini”. Akiuliza Yesu alilia juu ya nini penye kaburi la Lazaro, mwalimu aliyefunzwa kwa sanifu anaweza kumtajia kilicholiliwa, yaani kifo cha rafiki, na kuendelea na aya inayofuata. Kumbe aliulizwa jambo zito zaidi: mtu anayejua kwamba atamfufua maiti analilia nini? Tafakuri imekatwa na kihusishi.

Neno “mbona” nalo lina uzito wake. Tafsiri ya Muungano ya mwaka 1952 imelitumia katika kilio cha msalabani. “Kwa nini” huomba maelezo; “mbona” huomba maelezo na kulalamika papo hapo, na humshikilia anayeulizwa awajibike. Kwa msomaji aliyekimbia vita, tofauti hiyo si ya kisarufi tu. Mwalimu anayewahi kulijibu “mbona” kama “kwa nini” humnyima mkimbizi lalamiko ambalo matini yenyewe imelihalalisha.

Katiba ya Uganda ilikitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya mwaka 2005, na Baraza la Mawaziri likathibitisha matumizi hayo mwaka 2022. Mijadala ya utekelezaji imehusu zaidi shule na ofisi. Mafunzo ya makatekista na wakalimani wa makazini hayajapewa uzito unaostahili, ingawa kitabu kidogo cha viulizi vya Kivu na vya sanifu, kikiambatana na mazoezi ya kutafsiri swali bila kulijibu, kinaweza kuandaliwa Mbarara na wanaisimu wachache wakishirikiana na wasomaji wa Nakivale wenyewe.