Nani Alilipia Tonge?

Makangale hakuna duka la donati. Ukitoka Konde, ukaukata msitu wa Ngezi hadi upande wa pili, unafika kwenye kijiji cha wavuvi na wakulima ambako unga wa ngano ulioumuliwa na kukaangwa huitwa andazi, na andazi ni chakula cha asubuhi, si starehe. Mbele zaidi, kwenye Ras Kigomasha, ipo hoteli ambayo mwaka 2013 ilizindua chumba kinachoelea baharini, kitanda chake kikiwa chini ya maji, kwa bei iliyozidi dola 1,000 kwa usiku mmoja. Mwaka huohuo, New York, mpishi Mfaransa Dominique Ansel alianza kuuza kitu kilichochanganya donati na kruasanti, kimoja kwa dola 5, na watu wakapanga foleni tangu alfajiri. Ni rahisi kuyafunga mambo haya mawili kwenye furushi moja na kusema kwamba kukilipia chakula zaidi ya kinavyoshibisha ni maradhi ya wageni, na kwamba Pemba imeyapata kwa kuambukizwa. Historia ya kaskazini mwa Pemba haikubaliani na hilo. Watu wa huku walikijua chakula cha ghali, tena ghali kwa makusudi, karne nyingi kabla ya mtalii wa kwanza. Kilichobadilika ni bega linaloubeba ughali huo.

Ushahidi umefukiwa ardhini, mashariki ya Makangale, ndani ya wilaya hiihii ya Micheweni. Wanaakiolojia Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher walichimba Tumbe, mji uliostawi kati ya karne ya 7 na ya 10, kisha Chwaka, ulioufuata na kudumu hadi karne ya 15 au zaidi. Sarah Walshaw akazichambua mbegu zilizoungua mekoni. Tumbe ya zamani ilikula uwele hasa. Kufikia nyakati za Chwaka, mpunga ndio uliotawala. Hapa pana jambo la kufikiri. Uwele haumsumbui sana mkulima: unavumilia ukame na udongo dhaifu, na chakula chake kinashibisha. Mpunga unadai bonde na mvua iliyokuja kwa wakati, unadai palizi, na mwisho unadai kinu na mchi kabla haujawa mchele. Hakuna mtu mwenye njaa anayeacha cha kwanza akakimbilia cha pili kwa ajili ya tumbo peke yake. Watafiti hao wameuhusisha mpunga na kukua kwa miji, na Uislamu, na karamu. Fleisher amekwenda mbali zaidi akayasoma mabakuli mapana, mengine yaliyotoka ng'ambo, kuwa ni vyombo vya kulia watu wengi pamoja chini ya macho ya aliyewaalika. Mtu anaweza kusema wali ulipendwa kwa utamu wake tu. Huenda ulipendwa, lakini utamu hauelezi kwa nini hadi leo wali ndio chakula cha arusi na maulidi, na muhogo, ambao nao ni mtamu, haukupata cheo hicho.

Kwa hiyo wali wa Chwaka ulikuwa ghali kwa jasho, na ughali wenyewe ndio uliokuwa na maana. Ila aliyeula hakuulipia. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliandika kwa mshangao jinsi mgeni alivyoletewa wali wa samli na vitoweo vyake, na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa. Orodha ni ndefu, na bei haimo, kwa sababu mgeni haulizwi bei. Karne ya 19, kuanzia Lamu hadi Pangani, desturi hii ilifika mahali pa hatari: watu wa mitaa na vyama vya ngoma walishindana kwa karamu, upande mmoja ukijaribu kuuaibisha mwingine kwa wingi wa vyakula, na watu wakafilisika. Hata kaimati, jamaa wa karibu kabisa wa donati katika mapishi yetu, zina historia ya namna hii. Jina ni lukaimati ya Waarabu, yaani vijitonge, na nduguye, tonge la kadhi, limo katika kitabu cha mapishi cha Baghdad cha mwaka 1226. Ni unga, hamira, mafuta na shira: tangu mwanzo ni kitu cha anasa. Kwenye ukanda wetu kaimati zilipata makazi yake ndani ya Ramadhani, na nyumba iliyozipika hupeleka sahani kwa jirani kabla ya magharibi. Sahani huenda isirudi siku ileile, lakini hairudi tupu.

Pingamizi kubwa linakuja hapa, nalo ni zito. Karamu za mabwana wa pwani hazikulipiwa na mabwana. Baada ya kimbunga cha mwaka 1872 kuangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ndiyo iliyobeba zao hilo, na waliolima na kuchuma mashambani walikuwa watumwa hadi amri ya mwaka 1897 na baada yake. Anayesema mwenyeji aliubeba ughali amesahau migongo iliyombeba mwenyeji. Nakubali, na ndiyo maana sizungumzii enzi ya ukarimu iliyopotea. Nasema tu kwamba gharama ya heshima ilikuwa deni la mwalikaji mbele ya watu, akaitafuta alikoitafuta, hata kwa dhuluma. Duka la donati za kifahari limeupindua mpango huo: anayekula ndiye anayejialika na ndiye anayelipa, kisha huondoka na kisanduku chake bila kumdai mtu wala kudaiwa.

Mwenye duka atajibu kwamba bei yake ni siagi halisi, kodi ya pango na mishahara, si maringo. Ni kweli kwa kiasi fulani; siagi si mafuta ya mawese. Lakini donati ya kawaida iliteremshwa bei Marekani tangu miaka ya 1920, Adolph Levitt alipotengeneza mashine ya kuzikaanga, na ni baada ya kuwa rahisi kila kona ndipo palipopatikana nafasi ya kuuza iliyo tofauti. Ughali uliwekwa juu ya kitu kilichokuwa kimeshazoeleka. Huku Pemba safari hiyo ilikwenda kinyume. Ngano haioti hapa. Unga wake umekuja kwa bahari siku zote. Wakati wa utawala wa Mzee Karume, hasa mwanzoni mwa miaka ya 1970, uagizaji wa mchele na unga ulibanwa na chakula kikagawiwa kwa kipimo, na wazee wa Pemba bado wanakumbuka kuwa ndio wakati wa njaa, wa muhogo asubuhi na muhogo jioni. Mlango ulifunguka Ali Hassan Mwinyi aliposhika urais wa Zanzibar mwaka 1984 na kuruhusu wafanyabiashara kuagiza bidhaa. Andazi la kila siku, linaloonekana kana kwamba limekuwapo tangu Chwaka, limepata uhakika wake hapo.

Nalo huuzwa, mtu atasema, basi tofauti iko wapi? Iko kwenye kile bei inachoruhusiwa kufanya. Bei ya andazi anaijua mtoto aliyetumwa na sarafu mkononi, na muuzaji, mara nyingi mwanamke wa mtaani mwenye karai moja, haibadilishi ovyo. Vita vya Ukraine vilipopandisha bei ya ngano mwaka 2022, kilichoonekana haraka kwenye masinia ya pwani kilikuwa andazi kupungua, likawa dogo na jepesi, hewa nyingi ndani. Mnunuzi aliona, muuzaji alijua ameonwa, na biashara ikaendelea kwa sarafu ileile. Duka la kifahari halihitaji staha hiyo. Likipandisha, huandika bei mpya ubaoni, na foleni haipungui.