Msikiti wa Kizimkazi na Watu Wake

Katika kijiji cha Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja, upo msikiti mdogo ulioezekwa kwa mabati. Mgeni apitaye njiani aweza asiugeuzie uso. Lakini ndani, kwenye ukuta wa kibla, mna maandishi ya Kikufi yaliyochongwa katika jiwe la matumbawe. Yasema kwamba jengo liliamriwa na Sheikh Abu Imran, mwezi wa Dhulkaada, mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Ni katika maandishi ya zamani kabisa yenye tarehe yajulikanayo katika pwani yetu.

Mwaka 1922 mtaalamu S. Flury aliyaeleza maandishi hayo, na tangu hapo wanachuoni wameyalinganisha na yale ya Siraf, katika pwani ya Uajemi. Mjadala mkubwa umekuwa juu ya mafundi: je, walitoka ng'ambo, au walikuwa wenyeji waliojifunza hati ya kigeni?

Swali hilo ni jema, lakini si la pekee. Sehemu kubwa ya jengo tulionalo leo si ya Abu Imran. Msikiti ulijengwa upya katika karne ya 18, na humo ndani umetajwa pia mwaka 1184 wa Hijria, yaani 1770 au 1771. Kati ya tarehe hizo mbili ipo miaka zaidi ya mia sita na sitini. Waliojenga mara ya pili wangaliweza kuchonga mihrabu mpya na kulitupa jiwe kuukuu. Hawakufanya hivyo. Waliyahifadhi maandishi yale katika kuta zao, wakaendelea kusali mbele yake.

Hapo ndipo ilipo maana ya msikiti katika maisha ya mtaa. Jiwe latupa tarehe, bali jamaa wa msikiti ndio waliolihifadhi jiwe: wale wafagiao, wajazao maji ya udhu, waadhinio, na wakusanyikao kumsalia maiti wao. Hata leo watu wasali humo.

Basi mtafiti aendaye Kizimkazi na apime kuta, anakili herufi. Kisha akae barazani, awaulize wazee majina wayaitayo mambo ya msikiti wao. Kuta zaweza kutengenezwa tena. Maneno yakipotea pamoja na wenyewe, hapana fundi wa kuyarudisha.