Mikisa ya muziki: Fahamu kazi ya kila nobu kwenye chaneli, kuanzia geini hadi feda

"Hatusikii huku nyuma!" Fundi mitambo anasukuma feda juu. Spika zinapiga mluzi, watu wanaziba masikio. Anashusha, na maneno ya mzungumzaji yanapotea tena.

Hali hii si ngeni kwa aliyehudhuria harusi, unyago, tamasha la kwaya au mkutano wa hadhara huko Ndanda, mji mdogo ulio chini ya uwanda wa juu wa Makonde, kwenye barabara ya kwenda Masasi mkoani Mtwara. Lawama huenda kwa spika: ni za zamani, ni ndogo, muziki wa kukodi haufai.

Mara nyingi spika hazina kosa. Tatizo lipo kwenye chaneli ya mikisa, pale feda inapolazimishwa kufanya kazi ya geini.

Kwa ufupi

- Chaneli hupangwa kutoka juu kwenda chini: geini kwanza, feda mwisho.
- Geini hupima sauti inayoingia. Feda hupanga sauti inayotoka.
- Maiki ikipiga mluzi, kupunguza husaidia kuliko kuongeza.
- Maiki isiyotumika izimwe.

Chaneli ni nini?

Chaneli ni ule mstari mmoja wa vitufe unaoshuka kutoka juu ya mikisa hadi chini. Kila maiki, kinanda, gitaa au simu ina mstari wake. Mikisa ya chaneli 8 au 16 inatisha kwa wingi wa vitufe, lakini mistari ya maiki karibu yote inafanana. Anayeujua mmoja ameijua sehemu kubwa ya mikisa.

Sauti huingia juu waya unapochomekwa, hushuka hatua kwa hatua na kutokea kwenye feda. Kosa la juu hushuka nalo hadi chini. Sauti iliyopasuka kwenye geini haiponi kwenye feda. Feda huishusha tu, nayo inabaki imepasuka.

Geini: nobu ya juu inayobeba kila kitu

Nobu hii huandikwa GAIN au TRIM. Maiki hutoa umeme mdogo sana, wa milivolti chache tu. Geini huukuza, wakati mwingine hadi mara 1,000, ili mikisa iweze kuufanyia kazi.

Ikiwa chini mno, fundi atalazimika kusukuma kila kitu juu na spika zitatoa mvumo wa "shhh". Ikiwa juu mno, sauti itakwaruza na maiki itakuwa tayari kupiga mluzi muda wote.

Namna ya kuipanga:

1. Feda ya chaneli iwe chini kabisa.
2. Kitufe cha PFL cha chaneli hiyo kibonyezwe. Taa za kipimo zitaonyesha sauti inayoingia kabla haijafika kwenye feda.
3. Mwimbaji aimbe kwa nguvu atakayotumia kweli. "Moja, mbili, testi" ya kunong'ona humdanganya fundi, maana wimbo ukianza sauti huwa kubwa zaidi.
4. Geini ipandishwe hadi taa zicheze karibu na alama ya 0, na zivuke kidogo tu kwenye sauti kali.
5. Taa nyekundu ya PEAK au CLIP ikiwaka, geini irudishwe nyuma.

Kuna jambo ambalo mafundi wengi wanaoanza hulisahau. Geini ikiguswa, inabadilisha kila kitu kilicho chini yake, pamoja na sauti inayokwenda kwenye monita za jukwaani. Ndiyo maana geini ikipandishwa katikati ya shughuli, mluzi unaweza kutoka kwenye monita hata kama spika kubwa zimetulia.

Umeme wa volti 48

Kitufe cha +48V hupeleka umeme kwenye maiki za kondensa, ambazo bila huo hazitoi sauti. Maiki za kawaida za kushika mkononi, za aina ya dainamiki, haziuhitaji. Kwenye mikisa nyingi ndogo kitufe hiki ni kimoja kwa chaneli zote za maiki. Kinapobonyezwa feda ziwe chini, la sivyo spika zitapiga mshindo mkubwa.

Kitufe cha kukata besi

Huandikwa LOW CUT au HPF, au huchorwa mstari unaopinda. Kinaondoa sauti nzito zilizo chini ya hezi 75 hadi 100, kutegemea mikisa.

Sauti ya mtu anayezungumza haina kitu cha maana huko chini. Kilichopo ni upepo, vishindo vya miguu jukwaani, mtikisiko wa jenereta na mkono unaosugua maiki. Kwa maiki zote za kuzungumza na kuimba, kitufe hiki kibonyezwe. Kwa kinanda, gitaa la besi na ngoma kubwa, kiachwe.

Ikwalaiza: anza kwa kupunguza

Mikisa nyingi za kawaida zina nobu tatu za ikwalaiza kwenye chaneli:

- Trebo, karibu kilohezi 10 hadi 12: mng'ao, "s" na "sh".
- Midi, karibu kilohezi 2.5 kwenye mikisa zisizo na nobu ya kuihamisha: hapa ndipo konsonanti nyingi husikika, yaani ndipo neno linapoeleweka.
- Besi, karibu hezi 80 hadi 100: uzito.

Kila moja huongeza au kupunguza hadi desibeli 15 hivi. Ikiwa katikati, pale inaponasa kidogo kwenye vidole, haifanyi chochote. Hapo ndipo pa kuanzia.

Mazoea ya vigodoro ni kupandisha besi na trebo hadi mwisho. Kwa muziki wa kuchezwa, vijana watafurahi. Kwa hotuba ni balaa: sauti inakuwa nzito, inavuma, na maneno hayaeleweki. Mzungumzaji akisikika kama yupo ndani ya pipa, besi ipunguzwe kwanza. Maneno yakiwa bado hayatoki vizuri, midi iongezwe kidogo, robo ya mzunguko au chini ya hapo.

AUX: njia ya monita na eko

Nobu za AUX ni kama bomba la pembeni. Hutoa kiasi fulani cha sauti ya chaneli na kukipeleka kwingine, ama kwenye monita inayomwangalia mwimbaji, ama kwenye eko.

AUX ya monita huwekwa PRE, yaani sauti huchukuliwa kabla ya feda. Hivyo fundi akicheza na feda kwa ajili ya watazamaji, mwimbaji hasikii mabadiliko. AUX ya eko huwekwa POST, baada ya feda, ili sauti ikishushwa eko nayo ishuke.

Eko ni tamu kwenye wimbo. MC akianza kutangaza, izimwe. Ndani ya kanisa au ukumbi wenye dari refu na kuta ngumu, jengo lenyewe tayari linarudisha sauti, na eko ya mikisa huzidi kuchanganya maneno.

Pani

Pani hupeleka sauti kushoto au kulia. Kwenye uwanja mpana, ibaki katikati. Ikipelekwa upande mmoja, nusu ya watu hawatasikia vizuri. Pia, mikisa ikiwa imetoa waya mmoja tu kwenda kwenye spika, chaneli iliyopelekwa upande usio na waya haitasikika kabisa. Fundi anaweza kuhangaika nusu saa akidhani maiki imekufa.

Feda: alama ya 0 ndiyo nyumbani

Feda ni kile kitufe cha kusukuma juu na chini. Mikisa nyingine ndogo zina nobu badala yake, lakini kazi ni ileile.

Alama ya 0, ambayo mara nyingi ipo karibu robo tatu ya njia kwenda juu, maana yake ni kwamba feda haiongezi wala haipunguzi. Geini ikipangwa vizuri, feda nyingi zitafanya kazi karibu na hapo. Eneo hilo pia ni rahisi kurekebisha: kusogeza kidole kidogo hubadilisha desibeli chache tu. Feda ikiwa chini kabisa, mwendo huohuo mdogo huleta mruko mkubwa, na ndiyo maana sauti "inashtuka".

Dalili ni rahisi kusoma. Feda zote zikiwa karibu na chini na bado kelele ni kubwa, geini au sauti ya amplifaya imezidi. Feda zote zikiwa juu hadi mwisho na bado watu hawasikii, geini ni ndogo au mzungumzaji yupo mbali na maiki.

Mluzi unatoka wapi?

Maiki inasikia spika, spika inairudisha sauti kubwa zaidi, maiki inaisikia tena. Mzunguko huo ukikamilika, mluzi huanza. Hatua za kuchukua:

1. Feda ya chaneli inayolia ishushwe kidogo. Mluzi ukiendelea kutoka kwenye monita, AUX ndiyo ya kushushwa.
2. Maiki zisizotumika zizimwe kwa kitufe cha MUTE. Idadi ya maiki zilizo wazi ikiongezeka mara mbili, nafasi ya kuongeza sauti hupungua kwa desibeli 3 hivi.
3. Maiki isogezwe karibu na mdomo. Umbali ukipungua kwa nusu, sauti inayoingia huongezeka kwa desibeli 6 hivi, bila kugusa mikisa.
4. Spika kubwa ziwe mbele ya maiki, zikiwatazama watu. Monita iwe nyuma ya maiki.
5. Kichwa cha maiki kisifunikwe kwa kiganja. Wasanii wengi hufanya hivyo kwa madoido, lakini maiki huanza kusikia kutoka pande zote.

Ngoma na simu

Ngoma za Wamakonde zina jambo lake. Ngozi hukazwa kwa joto la moto kabla ya kupigwa, na sauti yake hubadilika. Fundi akipanga geini ngoma ikiwa bado baridi, atakuwa amepima sauti nyingine kabisa. Wapigaji wamalize kwanza shughuli ya motoni, ndipo maiki zipimwe. Kwa kuwa ngoma yenyewe ina nguvu, geini yake huwa ndogo kuliko ya mwimbaji.

Simu au kompyuta ya kupigia nyimbo ichomekwe kwenye tundu la LINE. Sauti yake ni kubwa mara nyingi kuliko ya maiki, na ikiingizwa kwenye tundu la maiki inaweza kupasuka hata geini ikiwa chini.

Si muziki tu: bei ya korosho nayo inapita hapa

Ndanda ipo kwenye ukanda wa korosho. Wakulima huuza kupitia vyama vya msingi vya ushirika, AMCOS, vilivyo chini ya vyama vikuu kama MAMCU kwa Masasi na TANECU kwa Newala na Tandahimba. Kwenye mnada, bei hutangazwa mbele ya wakulima, nao huamua kukubali au kukataa.

Hapo tofauti ya tarakimu moja kwa kilo ni hela ya ada, mabati au matibabu. "Sitini" na "sabini" zikimezwa na besi, mkulima wa nyuma anaamua juu ya kitu ambacho hakukisikia. Chaneli ya mkutano wa namna hii haihitaji mbwembwe: maiki moja wazi, besi imekatwa, eko imezimwa, midi imeongezwa kidogo, feda karibu na 0. Kisha fundi atembee hadi mstari wa mwisho na kusikiliza mwenyewe, kwa sababu pale kwenye mikisa sauti huwa nzuri siku zote.

Kuwasha, kuzima na kiasi cha sauti

Mikisa huwashwa kwanza, amplifaya au spika zenye amplifaya ndani huwashwa mwisho. Kuzima ni kinyume: spika kwanza, mikisa mwisho. Umeme ukikatika katikati ya shughuli, spika zizimwe na feda kuu ishushwe kabla ya jenereta kuwashwa. Ule mshindo wa kuwasha unaweza kuharibu spika.

Kuhusu kelele, mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza wastani wa sauti kwenye kumbi na matamasha usizidi desibeli 100. Hapa nchini, udhibiti wa kelele upo chini ya Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC.

Utaratibu wa kukumbuka

Feda chini. Waya. Geini kwa PFL. Kata besi. Ikwalaiza katikati. Monita. Feda hadi karibu na 0. Ikwalaiza kwa masikio. Eko mwisho, ikihitajika.

Maiki moja haichukui zaidi ya dakika mbili. Kwaya yenye maiki nne na kinanda inamtaka fundi afike walau saa moja kabla ya watu, maana uwanja ukishajaa hakuna tena nafasi ya kupima geini.