Nakala ya Kuotesha

Oktoba 1868, askari wa Prussia waliokuwa wakichimba uwanja wa shabaha kando ya kilima cha Galgenberg, mjini Hildesheim, Ujerumani, walifukua vyombo vya mezani vya Kirumi: vikombe, sahani na mabakuli, takriban 70, vyote vya fedha. Vilipelekwa Berlin. Miongoni mwake lilikuwamo bakuli la Minerva, mungu wa kike aliyeketi katikati amejitokeza kama anataka kuinuka. Miaka michache baadaye bakuli lilelile lilikuwa likiuzwa Paris na kampuni ya Christofle. Hilo la pili tuliiteje?

Nilipotakiwa kulitafsiri jina lake mara ya kwanza niliandika "bandia". Nilikosea, na kosa hilo linaniuma hadi leo. Bandia hutaka kupita kama halisi. Vyombo vya Christofle viliuzwa kwa jina la nakala, na nakala zama zile ilikuwa na heshima yake: mwaka 1867, Henry Cole wa makumbusho ya South Kensington, London, aliwafanya wana wa wafalme wa Ulaya watie saini mkataba wa kubadilishana nakala za kazi za sanaa, ili asiyeweza kusafiri aone.

Ila "nakala" peke yake ni neno pana mno. Cheti kina nakala, ufunguo una nakala. Hii ni elektrotaipu, zao la mbinu iliyotangazwa na Moritz von Jacobi kutoka St. Petersburg mwaka 1838. Fundi huchukua chapa ya chombo cha asili kwa plasta au utomvu mgumu, akapata kalibu. Ndani ya kalibu hupaka unga wa grafiti ili umeme upite, kisha huining'iniza katika maji yenye chumvi ya shaba. Umeme ukipita, shaba hutoka majini na kushika kalibu, tabaka juu ya tabaka, kwa saa nyingi, pengine siku. Kalibu ikiondolewa, linabaki gamba la shaba lenye kila mkwaruzo wa patasi ya Mrumi.

Kiswahili hupenda kukiita kitu kwa kitendo kilichokizaa; ndiyo maana tuna mkate wa kumimina. Basi kitendo hapa ni kipi? Si kufua: mfua fedha wa Kirumi ndiye aliyefua, akigonga bamba kwa nyuma hadi umbo likatokeza mbele. Si kusubu, maana hakuna madini yaliyoyeyushwa motoni. Masonara watatuambia kuchovya, na hapo wengi wetu huridhika. Mimi siridhiki. Mkufu wa kuchovya ulikuwa mkufu kabla haujaingia kwenye maji ya dhahabu. Bakuli hili halikuwapo kabisa mpaka maji yalipolitoa.

Napendekeza kuotesha. Tayari tunasema chuma kimeota kutu, wala hakuna anayeshangaa kwamba kitu kisicho na uhai kinaota. Shaba ndani ya kalibu huota hivyohivyo, kidogo kidogo, kutoka kwenye uso kwenda nje, ila safari hii kuna mtu anayeiotesha kwa makusudi. Nakala ya kuotesha: mwanafunzi atalielewa bila kupewa kamusi, na fundi atajua pa kuangalia, kwa sababu mgongo wa gamba lililooteshwa huwa na chembechembe, tofauti na chombo kilichofuliwa.

Kuchovya nako kuna mahali pake, baadaye, gamba la shaba linapovikwa fedha. Ni vitendo viwili, na lebo ya makumbusho ivitaje vyote: "Nakala ya kuotesha, shaba iliyochovywa fedha." Tukiandika "chombo cha fedha" tu tutampotosha msomaji, hasa kwa lugha yetu ambamo fedha ni madini na ni pesa pia.

Kwenye nakala kongwe, sehemu zilizoinuka kama goti la Minerva husuguliwa na vitambaa vya kusafishia mpaka fedha ikalika. Wekundu unaochungulia hapo ni ile shaba iliyooteshwa.