Mzigo wa Usiku: Msongo wa Maisha na Unyumba katika Ndoa za Unguja

Anayehudhuria mahakama ya kadhi Unguja atalisikia neno matumizi mara nyingi kuliko neno mapenzi. Mke anaeleza kuwa haachiwi pesa ya sokoni, hajavishwa tangu Idi iliyopita, na chumba alichowekwa kinavuja. Erin Stiles, mwanaanthropolojia Mmarekani aliyeitafiti mahakama ya kadhi ya Mkokotoni na kuchapisha kitabu chake mwaka 2009, alikuta kwamba wanaofungua mashauri wengi wao ni wanawake, na kwamba kudai huduma ni miongoni mwa malalamiko yao makubwa. Kabla yake, mwaka 1998, mwanaanthropolojia mwenzake Susan Hirsch alikwisha kuandika juu ya mahakama za aina hiyo katika pwani ya Kenya. Alionesha namna mke anavyobanwa na matarajio mawili yanayopingana: mila inamtaka asubiri na asitiri, na mahakama inamtaka aseme. Siri za chumbani ndizo ngumu zaidi kusemwa mbele ya kadhi na makarani, kwa hiyo kinachosemwa ni unga, nguo na kodi ya nyumba.

Wasomaji wa mashauri hayo huyachukua kama habari za umaskini tu. Mimi naona yanatueleza pia habari za unyumba. Msongo wa maisha katika kisiwa hiki hufika kitandani kwa njia za kawaida sana: saa za kazi, nafasi ya kulala, maji ya kuogea. Na kwa kuwa mila yetu imeuweka unyumba usiku peke yake na ikamwachia mke kazi ya kuutayarisha, anayechoka zaidi ndiye anayedaiwa zaidi. Ushauri tunaoupokea kwa wazee, kwenye mawaidha na kwenye redio mara nyingi huliongeza deni hilo.

Upande wa mwili hauhitaji maneno mengi. Tangu Hans Selye alipochapisha barua yake fupi katika jarida la Nature mwaka 1936, inajulikana kuwa mwili uliobanwa kwa muda mrefu hujipanga kwa ajili ya hatari. Homoni ya kotisoli hupanda, usingizi hupungua, na mambo yanayoweza kungoja, matamanio yakiwemo, huwekwa kando. John Bancroft na Erick Janssen wa Taasisi ya Kinsey waliongeza jambo ambalo watu wazima wanalijua kwa uzoefu: matamanio yana mfumo unaoyaamsha na mwingine unaoyazuia, na watu hawalingani katika nguvu za mifumo hiyo miwili. Mmoja akiwa na mawazo hutafuta faraja kwa mwenzake, mwingine hataki hata kuguswa. Wakiwa chumba kimoja, kila mmoja humwona mwenzake hana huruma.

Mwanasaikolojia wa Uswisi Guy Bodenmann ameshughulika kwa miaka mingi na msongo ndani ya ndoa. Anatenganisha msongo unaotoka nje, kama kazi na madeni, na ule unaozaliwa baina ya wanandoa wenyewe, kisha anafuatilia namna wa kwanza unavyozaa wa pili. Kwake, adha ndogondogo za kila siku zina sumu ya taratibu ambayo hatuipi uzito. Hapo nakubaliana naye kabisa. Lakini katika njia anazozitaja, mojawapo ni kwamba msongo hupunguza muda wa wawili kukaa pamoja, na hapo ndipo nadharia yake inapotua Unguja ikiwa na mguu mmoja. Mume na mke wa Kiunguja hawakuwahi kuuhesabu mchana kuwa muda wao. Mchana wa mume ni kazini, msikitini na barazani. Wa mke ni uani, kwa jirani, kwenye shughuli, na siku hizi kazini pia. Hawakutani isipokuwa usiku, na usiku huo ndio unaobeba mazungumzo ya ada ya shule, homa ya mtoto, maneno ya mawifi, na unyumba wenyewe.

Baraza lina faida ambayo haijaandikwa vya kutosha. Mwaka 1989 mwanasaikolojia Rena Repetti alichapisha utafiti juu ya waongozaji ndege wa Marekani na kuonesha kuwa baada ya siku ya kazi nzito walijitenga wakifika nyumbani, na kwamba mke aliyewaachia wapumue alisaidia ugomvi usizuke. Mzanzibari alikuwa na mahali pa kupumulia karne nyingi kabla ya utafiti huo. Pita Jaws Corner, Mji Mkongwe, baada ya Alasiri: kahawa chungu katika vikombe vidogo, dhumna, ubishi wa mpira na siasa. Mwanamume anayetoka hapo baada ya Isha ameshayatua mengi. Swali ni baraza la mke liko wapi. Harusi na maulidi ni mahali pa kupumua, lakini pia ni mahali pa kupika, kuchanga na kuvaa sare. Kikoba kina marejesho yake. Basi usiku wanakutana mtu aliyekwisha kupumzika na mtu ambaye ndiyo kwanza anakaa chini, na yule aliyepumzika anashangaa kumwona mwenzake amenuna.

Ukitaka kuuona uchovu huo kwa karibu, nenda Paje au Jambiani siku za bamvua. Kilimo cha mwani kwa ajili ya biashara kilianza pwani hiyo ya mashariki mwaka 1989, na tangu mwanzo wakulima wengi wamekuwa wanawake. Kazi inafuata mwezi. Mwezi unapoandama na unapopevuka, maji hukupwa sana asubuhi kuelekea saa nne na tano, na siku hizo lazima mtu awe baharini: kupigilia vigingi, kufunga vishada vya mwani kwenye kamba, kuvuna, kisha kuubeba uliorowa hadi pwani na kuuanika. Wanarudi mgongo umekufa ganzi, macho mekundu kwa chumvi na mwanga, vidole vimechunika. Mwani aina ya kotonii wenye bei nzuri umedhoofika kadiri maji yanavyozidi joto, na wengi wamebaki na spinosamu yenye bei ndogo, kwa hiyo jasho ni lilelile kwa pesa kidogo. Pesa hiyo ndogo imewapa wake wengi sauti ambayo hawakuwa nayo, na simlaumu mwani. Ninachosema ni kwamba katika vijiji hivyo mwili wa mke una kalenda inayojulikana. Mume anayejua siku ya kwenda dema hashindwi kuijua siku ambayo mkewe hajiwezi.

Hoteli nazo zina kalenda yake. Kutoka mjini hadi Nungwi ni yapata kilomita 60, na mfanyakazi wa zamu ya usiku mara nyingi hulala hukohuko. Wageni wanapojaa, Julai hadi Septemba na tena kuelekea mwaka mpya, mume yuko kazini na pesa ipo. Masika yakiingia hoteli nyingi hufunga au hupunguza watu, naye anarudi nyumbani bila mshahara. Mwaka 2020, ndege za watalii ziliposimama kwa sababu ya korona, kisiwa kizima kiliishi masika marefu. Kama tatizo lingekuwa muda tu, mwaka ule ungekuwa wa fungate. Lakini mume aliyezoea kutoka Alfajiri na kurudi Isha, akikaa ndani mchana kutwa bila pesa, hujiona mgeni katika nyumba yake, na mke hukosa hata ule mchana aliokuwa akiumiliki. Muda uliongezeka ilhali heshima ya mume machoni pake mwenyewe imeshuka, na mwanamume anayejiona hatoshi barazani hafiki chumbani akiwa mzima.

Kuna jambo ambalo waandishi wa saikolojia wa Ulaya wasingeweza kuliwaza, nalo ni maji. Unyumba kwa Muislamu unafuatiwa na josho la janaba, na swala ya Alfajiri haingoji. Sasa fikiria nyumba ya Mji Mkongwe iliyokuwa ya familia moja kabla ya Mapinduzi ya 1964, ikataifishwa, ikapangishwa chumba kwa chumba. Familia kadhaa, choo na bafu vya shirika, na ngazi ya mbao inayolia kwa kila hatua. Au fikiria fleti za Michenzani ambamo mtoto aliyeoa bado yuko kwa wazazi na wadogo zake wamelala ukumbini. Maji ni ya mgao. Yakija saa nane za usiku, mke ndiye anayeamka kujaza ndoo na madumu. Kukoga usiku ni kutangaza. Sauti ya kata ikigonga ndoo inasikika kwa mkwe, kwa shemeji, kwa mpangaji wa chumba cha pili. Wapo wanaouahirisha unyumba kwa sababu hiyo tu: ndoo iliyobaki ni ya chai na ya kuwakosha watoto wa skuli, na binti wa watu anaona haya kupita ukumbini na taulo. Hali hiyo ikirudiwa miezi na miaka, wawili wanaopendana huzoea kulala kama ndugu. Atakayewaambia kuwa mapenzi yamekwisha atakuwa amewaonea.

Mila yetu haikuliacha jambo hili bila mafunzo. Bi Kidude, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013, alijulikana ulimwenguni kwa taarabu, lakini kwa wengi hapa alikuwa mtu wa unyago aliyepiga msondo na kuwafunda wari. Katrina Daly Thompson, aliyeandika juu ya mafunzo ya bi harusi katika harusi za Waswahili, ameonesha kuwa wanawake wanaowafunda maharusi hufundisha mambo ya chumbani pamoja na dini, wakiwa na mamlaka yao wenyewe. Somo, yaani kungwi wake, alikaa na mwali siku saba za fungate: singo mwilini, udi kwenye nguo, asumini iliyotungwa jioni na kumwagwa kitandani. Mtu wa mbali huyaona haya kuwa mapambo. Kwangu ni ratiba. Kujifukiza kunataka saa nzima, mkaa, na chumba ambacho hakuna mtoto anayeingia na kutoka. Mafunzo hayo yalidhani kwamba mke ana jioni, na kwamba ana shangazi au mdogo wake wa kumshikia mwana. Jioni hiyo ndiyo iliyoliwa na bahari, na hoteli, na foleni ya maji. Tumebaki na mafunzo bila muda wake, kisha mke anapoomba ushauri anaambiwa ajipambe. Aliyesimama majini tangu asubuhi anaongezewa kazi nyingine, nayo inaitwa dawa.

Kwa upande wa waume dawa ziko sokoni. Jioni, mjini, utawaona wamezunguka sufuria ya supu ya pweza, ndimu na pilipili, na mzaha ambao hautaandikwa hapa. Supu ni tamu na sina ugomvi nayo, lakini haijapata kumlipia mtu deni la duka. Wengine husema wamefungwa, au kwamba mke ana jini mahaba asiyetaka aguswe na binadamu. Sipendi kuyacheka maelezo hayo, kwa sababu yana kazi. Kumsingizia jini kunamwezesha mke aliyechoka kukataa bila kumtukana mume, na kunampa mume sababu isiyomvunjia hadhi. Mwaka 1995, mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya Mapinduzi, hofu ya Popobawa, pepo aliyesemwa kuwavamia watu vitandani usiku, iliyoanzia Pemba ilipofika Unguja, watu walitoka vyumbani wakalala nje kwa makundi. Wapo watafiti walioihusisha hofu ile na joto la siasa. Mimi naongeza kuwa jamii iliyobanwa ilikichagua kitanda kuwa mahali pa kuonea hofu yake, na sidhani kilichaguliwa kwa bahati.

Msomaji mmoja atasema wazee wetu walipitia miaka ya foleni na upungufu wa chakula mwanzoni mwa miaka ya sabini na bado walizaa watoto wengi. Kweli walizaa. Lakini idadi ya watoto haitwambii nani alilala akilia. Mwingine, na huyu namchukulia kwa uzito zaidi, nikisema mume naye afundwe, atasema kuwa mume wa Kiunguja hafundwi; hilo ni jambo la wanawake, na kumwita kungwi kwa ajili yake ni kuiga ya wageni.

Kwa huyu jibu liko katika kabati la kila mwanachuoni wa kisiwa hiki. Al-Ghazali, katika sehemu ya kitabu chake cha Ihyaa inayohusu adabu za ndoa, anamwelekeza mume asianze bila maneno na mabusu, asiondoke kabla mke hajakidhi haja yake, na amwendee kila baada ya siku nne, akizidisha au akipunguza kwa kadiri ya hali ya mkewe. Hesabu hiyo ameiweka mikononi mwa mume, na hawezi kuifanya bila kuijua siku ya mwenzake ilivyokwenda: alilala saa ngapi, maji yalikuja, bamvua limeisha au bado. Masharifu na masheikh wanaosomesha Ihyaa baada ya Magharibi wanaweza kukisomesha kipande hicho kwa vijana kabla ya kuozwa, kwa uwazi uleule wanaosomesha nguzo za udhu. Na kadhi anayesikiliza shauri la matumizi anaweza, faraghani, kuuliza nani hujaza ndoo usiku.